Kutoka Mombasa Hadi Guangzhou Kumsikia Mjukuu

Ndugu zangu niliosoma nanyi chuo cha Kurani tukiwa wadogo, ambao sasa riziki imewatawanya Lamu, Tanga na Unguja: simu zenu nimezipata na salamu nimezipokea. Kila mmoja ameniuliza swali lile lile, "Maalim, huko Uchina ilikuwaje?" na kila mmoja salio limemwishia kabla sijavuka Nairobi. Kwa hivyo naandika. Shukrani zote ni za Mola aliyenipeleka na akanirudisha na magoti yangu yote mawili.

Habari za tiketi na viza siwasimulii. Hizo alizishughulikia Twalib, mtoto wa marehemu ndugu yangu, ambaye huenda Guangzhou kununua mikoba na vitambaa mara nyingi kuliko anavyokwenda kwa mama yake Malindi. Mnalohitaji kulijua ni hili. Mwanangu Salim, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifanya kazi bandari ya Rotterdam, Uholanzi. Alioa huko mwanamke wa nchi ile, jina lake Marijke, hutamkwa Mareike, wakajaaliwa binti mmoja, Zuhura. Salim alipotangulia mbele ya haki, mtoto alikuwa hajang'oa hata jino la kwanza. Sasa ana miaka tisa, na mimi nilikuwa sijamtia machoni. Mlango wa Uholanzi ulinigomea. Wa Uchina ulikuwa wazi. Marijke kazi yake ni kukagua mikoba ya ngozi inayoshonwa Shiling, nje ya Guangzhou, na likizo ile alikuwa anakwenda na mtoto. Tukapatana tukutane huko.

Lakini alitoa sharti, na sharti lile ndilo nililosafiri nalo kifuani. Alimwambia Twalib kwa simu: "Mimi kazi itaniweka Shiling mpaka karibu na mwisho wa likizo. Baba akitaka kurudi Mombasa na Zuhura, nitawafuata. Lakini mtoto atasema mwenyewe. Akikataa, amekataa, na sitamlazimisha tena mwaka mwingine." Bi Rukia wangu hakungoja jibu. Siku naondoka, kitanda cha mtoto kilikuwa kimeshatandikwa na chandarua kimeshafungwa.

Mombasa hadi Dubai

Hadi Nairobi hapana la kusimulia. Hadi Dubai pia ndege ilikwenda salama, isipokuwa kijana wa kike aliyegawa chakula alinipa sahani ya majani matupu. Twalib alikuwa ameniandikia chakula cha wasiokula nyama, akidhani ndiyo njia ya uhakika ya kuniepusha na haramu. Jirani yangu alikula kuku wa halali huku nikimtazama. Nikamshukuru Mungu kwa majani, maana hata mbuzi hushukuru.

Dubai ndege ya pili ilichelewa, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulikaa kwenye viti vya chuma baridi pamoja na mama mmoja mnene, mchangamfu, wa kutoka Lubumbashi. Alifungua kopo lake, akanikatia kipande cha muhogo na samaki mkavu bila kuniuliza jina.

"Papa," akasema, "unaenda kuuza nini kule?"

"Siuzi kitu, mama."

Akaacha kutafuna. "Huuzi kitu? Basi unalipa ndege ya bure?"

Twalib akacheka mpaka akashika tumbo. Akanieleza kwamba kwao Lubumbashi kuuza ndiko kununua kwetu. Nikamwambia mama yule kwamba siuzi wala sinunui, naenda kumwona mjukuu.

"Guangzhou?" Akanitazama kama mtu aliyesikia kwamba naenda sokoni kulala. "Papa, Guangzhou watu wanaenda kuona mali. Mtu haendi kuona mtu." Kisha sauti ikamlainika. "Na yeye anakujua?"

"Hanijui."

Akanikatia kipande kingine cha muhogo, kikubwa kuliko cha kwanza. "Kula, papa. Utahitaji nguvu."

Kangle

Twalib hupanga chumba Kangle, mtaa wa mafundi cherehani ulio karibu na soko la vitambaa la Zhongda. Msifikirie mtaa kama wa kwetu. Nyumba zimesongamana hata jirani wa dirisha la pili anaweza kukupa chumvi kwa kunyoosha mkono, na kila ghorofa ina vyerehani vinavyolia kama mvua ya mawe. Chini, vijana wanabeba marobota ya vitambaa kwa pikipiki, na mtu mzima ana kazi moja tu, kubana mbavu zake ukutani. Kila baada ya hatua chache Twalib aliitwa, "Laoban! Laoban!" ndiyo bosi, naye alijibu, "Mei you! Mei you!" ndiyo hakuna. Nilimwuliza hakuna nini. Akasema, "Ami, ukisema hakuna kabla hawajauliza, unafika nyumbani mapema."

Asubuhi ya kwanza nilishuka peke yangu baada ya swala nikitafuta kifungua kinywa. Mama mmoja alikuwa akipika vikate vyeupe kwa mvuke, laini kama mto wa mtoto. Nikaonyesha kidole, nikaonyesha pesa. Alinitazama ndevu, akatazama kofia yangu, akafunika chungu chake. Kisha akajishika pua, akakoroma kama nguruwe mara mbili, akatikisa kidole kunikataza. Sikuwa na lugha ya kumshukuru ila kuinamisha kichwa. Yeye mwenyewe akanishika mkono wa kanzu, akanivuta mpaka pembeni ya njia, akanielekeza kwenye duka la tambi la Waislamu waliotoka kaskazini ya mbali ya nchi ile. Ndani walivaa kofia kama yangu. Nilipotoa salamu waliitikia wote kwa pamoja, hata mpishi aliyekuwa akivuta tambi mikononi kama anasokota kamba. Mwanamke yule alikosa biashara ya asubuhi ili mgeni asile haramu. Namwombea mpaka leo.

Adhuhuri ile tulikwenda kuwapokea Marijke na mtoto katika hoteli yao ndogo karibu na Zhongda. Na hapo, ndugu zangu, niliharibu.

Zuhura alitoka kwenye lifti nyuma ya mama yake. Paji la uso ni la Salim. Nyusi ni za Salim. Mtoto akanitazama, akamgeukia mama yake akasema maneno ya haraka haraka, na katika kila neno la pili nilisikia kitu kikikwaruza kooni, khhh, ghhh, kama mtu anayepandisha kohozi. Nikasema moyoni, maskini, ndege imempa mafua, kifua kimemshika. Mnanijua. Miaka yote hii wazazi wa mtaani wananiletea watoto wao wenye kikohozi. Nikafanya lile ambalo yeyote kati yenu angelifanya. Nikamwekea mkono kichwani, nikamsomea, nikampulizia kooni, tfu, tfu, tfu.

Mtoto alipiga ukelele uliowageuza wapokea wageni wote. Akajifuta uso kwa mikono miwili, akajificha nyuma ya mama yake, na maneno ya kooni yakaja mengi kuliko mwanzo.

"Ami!" Twalib alinishika mkono. "Umemtemea mate!"

"Nimempulizia dua. Anaumwa koo."

"Haumwi koo! Ndiyo lugha yao hiyo! Waholanzi wote wanasema hivyo!"

Marijke hakunikasirikia. Alikuwa amekaa na Salim miaka, mambo yetu mengine anayajua. Lakini uso wake ulichoka ghafla. Alisema kwa Kiingereza, na Twalib akanitafsiria huku akitazama sakafu, "Anasema anataka kurudi kwao. Anasema babu ni mtu mbaya."

Tulikunywa chai. Mtoto alikaa meza nyingine.

Njia ya Shiling

Kesho yake Marijke alipaswa kwenda kiwandani Shiling, na Twalib alikuwa na mikoba yake ya kuagiza huko huko. Marijke akasema twende wote kwa basi. Nadhani alinihurumia. Zuhura alichagua kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, akavaa vile vidude vya muziki masikioni. Mama yake alikaa naye. Mimi na Twalib tukakaa safu tatu nyuma, ambako niliweza kuona ncha ya nywele zake tu.

Mvua ya nchi ile hainyeshi, inamwagwa. Tulipotoka mjini lori la marobota ya ngozi lilikuwa limeanguka ubavu mbele yetu, hakuna aliyeumia kwa rehema ya Mungu, lakini ngozi zilitapakaa barabara nzima na magari yakasimama mpaka upeo wa macho. Dereva akazima injini. Abiria wakatoa mbegu za alizeti wakaanza kutafuna na kutema maganda kwenye vikaratasi. Mzee mmoja alivua viatu. Basi likawa kama sebule.

Muda mrefu ulipita. Niliswali nimekaa kitini. Kisha, kwa kuwa Twalib alikuwa kando yangu na hana pa kukimbilia, nikamwambia anisomee. Mnajua Twalib alitoroka chuoni kabla hajamaliza, na ile herufi ya khe ya Kurani tangu utotoni huisema he.

"Sema khe," nikamwambia.

"He."

"Hiyo umeitoa kifuani. Khe haitoki huko chini. Inatoka juu, pale koo linapopakana na mdomo. Ndugu yake ghaini anakaa nyumba moja naye. Sema khe."

"Ami, tuko kwenye basi."

"Mungu yuko kwenye basi pia. Khe."

"Hhhe."

"Unapuliza makaa? Khe!"

"Ami, mimi nina miaka arobaini na mbili! Nina wateja!"

"Wateja hawatakuombea kaburini. Tena!"

Twalib alivuta pumzi, akajaribu, akatoa sauti kama ya paka aliyekwama na mwiba. Wachina wakageuka wakacheka, bila ubaya. Na kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka, bila kutoa vidude masikioni, sauti ndogo ikasema:

"Khhhe."

Ndugu zangu, nimefundisha herufi tangu ndevu zangu ni nyeusi. Nimekaa na vijana miezi na miezi kwa herufi hiyo moja. Ile khe ilitoka mahali pake barabara, kavu, safi, haina utelezi. Nilisimama kitini bila kujua.

"Masha'Allah," nikasema. "Tena?"

Ncha ya nywele haikusogea. Kisha: "Khhhe."

"Ghaini?" nikasema, nikamtolea mfano.

Hapo akageuka. Akavua vidude vya masikio, akasema ile sauti, nzito kidogo kuliko khe, na akaongeza kitu kwa mama yake. Marijke akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi, akawa anajifuta kwa kitambaa cha kichwa.

"Anauliza," akatuambia, "kwa nini babu anaweza kusema g yao na ami yake hawezi."

"Mwambie," Twalib akasema, "ami yake alitoroka shule."

Zuhura akahamia safu ya pili. Akanipa mtihani. Alisema neno, nami nikalirudia, kisha Twalib akalirudia, na kila Twalib alipokosa mtoto alipiga magoti yake kwa furaha. "Acht," ndiyo nane. Nikasema. Twalib akasema "aht". "Gracht," ndiyo mfereji wa maji unaopita katikati ya mji. Nikasema. Twalib akasema "krat", na mzee wa Kichina aliyevua viatu akajaribu naye, akampita Twalib. Kisha akanipa la kunikomesha, jina la mji mmoja wa pwani yao, Scheveningen, ambalo huanza kwa s na kabla hujapumzika unaingia khe. Nikafumba macho nikaliendea polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikalisema.

Basi zima, lisilojua hata tunafanya nini, likapiga makofi.

Marijke akahamia kiti cha mbele yetu, akageuka akaniambia jambo, na Twalib akalitafsiri pole pole. "Anasema hivi, Ami. Salim alipofika Rotterdam, wiki ya kwanza tu bandarini, wenzake walimtega kwa maneno haya haya. Ni mchezo wao kwa kila mgeni. Wanaume wa nchi nyingine hukaa miaka hawawezi. Salim aliyasema yote. Wakamwuliza umejifunzia wapi? Akawaambia, kwa baba yangu, kwenye mkeka, na baba yangu hajui hata kwamba amenifunza Kiholanzi."

Nilitazama mvua dirishani.

Baadaye, lori likiwa bado ubavu, nilimwuliza Marijke sauti hizi walizipata wapi. Baba yake alikuwa mwalimu wa lugha, na jambo hili lilikuwa gumzo la mezani kwao. Alisema wako watu wa kwao wanaodai ni ukungu na upepo baridi wa nchi yao ya mabondeni, eti makoo yamekwaruzika. Wengine husema walijifunza kwa Wahispania waliowatawala zamani. Baba yake alikuwa akiwacheka wote wawili. Sauti ile, alisema, ni ya kale kuliko Mhispania yeyote. Lugha za jamaa yao zote zilikuwa nayo: Waingereza, Wajerumani, na wao. Wajerumani wengi wameifanya nzito, g ya kugonga. Waingereza waliiacha kabisa, lakini hawakuifuta katika maandishi, ndiyo maana neno lao la usiku mpaka leo limebeba gh isiyosemwa na mtu, kama jina la mpangaji lililobaki mlangoni baada ya yeye kuhama. Waholanzi hawakuhama. Hata hivyo kusini ya nchi yao huisema kwa ulaini, mbele zaidi ya mdomo, na watu wa kaskazini huwatania kwa ajili hiyo. Na ile ya mwanzo wa Scheveningen zamani ilikuwa s na k. Waingereza waliiyeyusha ikawa sh. Wao waliibakisha s, wakaisogeza k nyuma mpaka ikaingia kooni.

Nikamwambia nasi tunayo habari kama hiyo. Wazee wetu waliandika khabari na khatari, na leo mtaani kila mtu anasema habari na hatari, na ukisema khe mbele ya vijana wanadhani unajidai. Herufi zile tulizikaribisha, kisha tukazilainisha.

"Basi mtoto wangu," Marijke akasema, "ni Mswahili wa zamani."

Nilimweleza pia lile jambo la hotelini: kwetu pumzi iliyosomewa dua ni zawadi ya mzee kwa mtoto, na niliamini anaumwa. Akamweleza Zuhura. Mtoto alisikiliza kwa makini, akajibu neno moja fupi.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema ungemwuliza kwanza."

"Kweli," nikasema. "Mwambie ni kweli."

Shiling

Tulifika jioni haijaingia bado, nguo zimeloa mpaka shingoni kwa mwendo wa kutoka kituoni. Shiling yote inanuka ngozi na gundi. Maduka ya mikoba yamepangana kama vitabu kabatini, na kila mwenye duka alimshika Twalib mkono. Marijke akaenda zake kukagua mishono. Mwanamke yule mpole, mbele ya mshono uliopinda, hugeuka kadhi. Nilimwona akirudisha robota zima kwa sababu ya uzi uliokosa rangi, na bosi wa kiwanda akakubali bila neno.

Sisi tukaingia mkahawa wa jirani kungoja. Hapakuwa na nyama ya kuaminika, tukala wali, mayai na mboga. Zuhura alikaa upande wangu wa meza. Nilikula wali wangu taratibu. Niliogopa kumgutusha, kama unavyoogopa kumgutusha ndege aliyetua dirishani.

Akanipa neno jingine. Huis, ndiyo nyumba. Nikadhani limekwisha, maana halina khe. Nikasema "hausi". Akatikisa kichwa. Nikasema "hoisi". Akatikisa. Nikasema kila namna. Akanishika taya kwa vidole viwili, mjukuu wangu ananishika taya, akaniviringa midomo kama ya mtu anayepoza chai, kisha akaonyesha ulimi wake kwamba ukae mbele, ukutani mwa meno ya chini. Midomo inasema u, ulimi unasema e na i. Sikuwahi kukutana na herufi ya namna hii katika kitabu chochote nilichosoma. Nilijua sasa Twalib huwa anasikiaje.

Mwenye mkahawa, bibi wa pale pale, alikuja na birika akamwuliza jambo msichana wake. Zuhura akainua kichwa. Bibi akarudia. Ndani ya neno lake ilikuwamo sauti ile ile, au dada yake. Mtoto akamwonyesha birika, bibi akasema tena neno lake la maji, taratibu, kama kwa mgonjwa, na mimi nikamtazama midomo. Bibi wa Shiling na mtoto wa Rotterdam, nani aliwakutanisha? Marijke aliporudi nilimwuliza, akasema kwamba zamani na wao walisema u ndefu tupu, huus, na viko vijiji kwao vinasema hivyo mpaka leo. Kisha mdomo wa watu wa mjini ulifunguka kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, ikawa ile. Hawakuichukua kwa Wachina wala Wachina kwao. Ni kwamba kinywa cha binadamu ni kimoja, na vyumba vyake ni vingi, na kila watu wamekaa katika vile walivyovipenda.

Nilijaribu tena. Mtoto akainamisha kichwa kusikiliza, akafanya uso wa mwalimu anayetaka kuwa na huruma.

"Bijna, opa," akasema.

Nikamtazama Twalib, Twalib akamtazama Marijke.

"Amesema, karibu," Marijke akajibu. "Karibu upatie, babu."

Mpaka hapo, akisema nami uso kwa uso, hakuwa ameniita kitu chochote.

Kurudi Guangzhou, na jibu

Siku zilizofuata, kila Marijke alipopata nafasi ya kutoka Shiling, tulitembea pamoja. Ijumaa nilikwenda msikitini na Twalib, penye kaburi ambalo Waislamu wa kule husema ni la sahaba, na Zuhura na mama yake walitungoja bustanini chini ya mianzi. Zuhura alininunulia kikombe cha chai ya barafu yenye vidonge vyeusi vya kutafuna, nikadhani ni pilipili manga, nikavitema, akacheka. Akanichora. Kwenye picha mdomo wangu ni mduara mkubwa na ndani ameandika ui. Lakini swali lenyewe hakuna aliyeligusa. Marijke hakuligusa, mimi sikuthubutu, na Twalib, ambaye hawezi kunyamaza mbele ya bei ya begi, alinyamaza kama mtu aliyeshika yai.

Siku ya mwisho kabla ya safari tulikula katika duka lile la tambi la Waislamu. Marijke akaweka vijiti chini, akamgeukia mtoto, akazungumza naye kwa Kiholanzi. Sikuelewa ila majina mawili: Mombasa, na opa. Twalib naye hakuelewa, lakini alinishika goti chini ya meza.

Zuhura alikunja uso akifikiri. Kisha akaniuliza mimi, si mama yake, na mama yake akatafsiri kwa Kiingereza, Twalib kwa Kiswahili, swali likapita mikono miwili kabla ya kunifikia.

"Anauliza: kule kwenu, wako watoto wanaoweza kusema g kama yeye?"

Nilijua jibu linalotakiwa na mtu anayetaka mtoto akubali. Ulimi wangu ulikuwa tayari kulisema. Lakini mtoto huyu alikuwa ameniambia ningemwuliza kwanza, na mtu anayedai adabu ya namna hiyo hastahili kudanganywa.

"Mwambie hapana," nikasema. "Mmoja mmoja tu, na kwa taabu. Wengi watamcheka, kama sisi tulivyomcheka Twalib. Watadhani ana kikohozi. Bibi yake pia atadhani hivyo. Mwambie itamlazimu awafunze, na ni wavivu."

Marijke alinitazama kidogo kabla ya kutafsiri. Akatafsiri yote, hata la wavivu. Mtoto alizungusha tambi kwenye kijiti kimoja, akazifungua, akazizungusha tena. Mpishi alikuwa akipiga unga mezani, pa, pa.

Kisha akaniangalia usoni akasema neno moja.

"Goed."

Lugha yao siijui. Lakini ile herufi ya kwanza niliisikia ikitoka mahali pake, juu ya koo, imara, bila kusita, na mtu hasemi hapana kwa namna ile. Marijke alikuwa ameshainamisha uso mikononi.

"Ami, kasema nini?" Twalib akaninong'oneza. "Ami! Kakubali? Kakataa? Kasema nini?"

Nikamwambia aninyamazie kwanza, kitanda alichotandika Bi Rukia kimepata mwenyewe. Nikavuta bakuli langu, nikapiga bismillahi, nikala tambi zote, nikanywa na mchuzi mpaka chini.